Mguu Wangu Ulivyowatembelea Wageni wa Mama

Kuna aibu ambazo mtu huzifunika zikasahaulika, lakini hii yangu haina kifuniko, kwa sababu nusu ya Majengo waliiona kwa macho na nusu iliyobaki waliiona kwenye simu, kwa hivyo afadhali niisimulie mwenyewe, maana nyinyi mnaonicheka mnaucheka mguu tu, na mguu ulikuwa mwisho wa mambo. Mwanzo wake ulikuwa katuni. Ndiyo, katuni, za watoto wa nasari, wale ambao bado wanavaa viatu kinyume.

Mnamjua Rehema, mtoto wa mdogo wangu Hidaya. Hidaya yuko Saudia kwa kazi, na mtoto tunakaa naye mimi na Mama, pale pale Pumwani kwenye nyumba tuliyozaliwa, ile ya vyumba vinavyotazamana na ua katikati. Rehema ana miaka minne, mweusi kama mama yake na kama mimi (weusi wetu ni ule wa kung'aa, wa mtu aliyepakwa mafuta ya nazi tangu utotoni), na siku moja alirudi kutoka nasari akaniambia, bila kulia, kama mtu anayetangaza habari za hali ya hewa, kwamba wenzake walikuwa wanacheza mashujaa na yeye hakupewa ushujaa.

"Kwa nini?"

"Mashujaa ni weupe, Mamkubwa. Mimi nilikuwa zimwi."

Nilikuwa napiga pasi blauzi yangu ya kazini (mimi ni karani wa korti, yule anayesimama mlangoni akiita majina ya kesi) na nusura niiunguze, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nayajua, nilishayasikia katika ua huo huo, ila miaka imepita.

Wakati wetu ua mzima ulikuwa na televisheni moja, ya Baba Mutua, mchongaji wa vinyago, na Jumamosi alikuwa anaacha mlango wazi tunaingia tunaketi chini kwenye vumbi la mbao, na ambaye hakuosha miguu anatazamia dirishani. Harufu ya mbao mbichi hadi leo ikinipita mahali inanirudisha pale, na mahamri ya Mama Mutua, na kelele za "toka mbele, wewe si kioo!" Katuni zilikuwa za wanaume wanaoruka na mashuka mgongoni, nywele zimewalalia kwenye paji la uso, kidevu kama kona ya meza. Hakuna hata mmoja aliyefanana na mtu yeyote tuliyemjua. Hata mbwa wao walikuwa weupe. Zikiisha tunatoka uani kucheza, wavulana wanajifunga leso za mama zao shingoni, na mimi naambiwa, "Zaituni, wewe utaokolewa." Siku moja walinifunga kwa leso kwenye nguzo ya kamba ya nguo, wakakimbia kuelekea Gikomba kuuokoa ulimwengu, wakanisahau. Nilikaa pale nikingoja kuokolewa hadi adhana ya alasiri, na aliyenifungua alikuwa Hidaya, mdogo wangu, kwa meno. (Leso yenyewe iliraruka na tulichapwa sote wawili.) Na bado, wallahi, ukiniambia nirudi siku hizo hata na nguzo yake, nitarudi leo.

Sasa, majuma machache baada ya habari ya zimwi, ikatokea kwenye simu katuni mpya, ya Kiswahili, na shujaa wake ni msichana anaitwa Dada Radi. Mweusi. Mweusi kweli, si ile rangi ya chai ya maziwa, ana matuta matatu ya nywele, kinyago cha macho na leso ya manjano mgongoni, na akisema "haya, twendeni" ungeapa ni mtu wa hapa Digo Road. Watoto wakiwa na shida wanapaza sauti, "Dada Radi, tuko taabani!" naye huyo, anatua. Hampigi mtu. Hilo ndilo lililonishangaza, kwa sababu wale wetu kazi yao ilikuwa ngumi. Huyu, kiboko akiziba mto anaenda kumuuliza ana nini, kumbe kiboko anaona joto tu, basi wanamtafutia kivuli na maji yanapita. Nilianza kuitazama kwa ajili ya Rehema, na nikamalizia kuitazama peke yangu kazini wakati wa chai, simu nimeificha nyuma ya faili.

Rehema alibadilika. Aliomba matuta matatu. Alianza kusimama mbele ya kioo cha Mama, mikono kiunoni, anajitazama tu. Na siku moja, akiwa amesimama hivyo hivyo, akanigeukia.

"Mamkubwa, Dada Radi ni wa kweli?"

Hapo ndipo. Ningesema "ni picha tu, mpenzi," tungekula tukalala, na leo mngekuwa mnaongea mambo mengine. Lakini nilimtazama vile alivyokuwa amesimama, kidevu juu, nikaogopa kumshusha.

"Wa kweli," nikasema. "Mbona mimi namjua? Ni rafiki yangu."

Kesho yake nasari nzima ilikuwa na habari. Keshokutwa yake, natoka kazini, nikamkuta mlangoni Nyambura, mtoto wa nyumba ya pili, ana miaka sita na maswali ya wakili, amesimama na kundi zima nyuma yake, na Rehema pembeni amekunja pindo la sketi kwa vidole.

"Anti ya Rehema, Rehema ni muongo," akasema Nyambura. "Anasema unajua Dada Radi. Kama ni rafiki yako, mwambie akuje."

Nikamtazama Rehema. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Atakuja Jumamosi," nikasema. "Baada ya adhuhuri."

Basi Jumamosi ikafika, na nilichosahau ni kwamba Jumamosi hiyo hiyo Mama alikuwa amewaalika akina mama wenzake wa maulidi, wanawake wazito, wa heshima zao, na mkubwa wao ni Bi Fatuma, ambaye akikohoa watu wanasimama. Nilipokumbuka ilikuwa ni saa zile pilau inapakuliwa. Nikajiambia hakuna neno, wao watakuwa ndani, sisi tutakuwa uani, kuna ukuta katikati. (Ukuta niliufikiria. Dari sikuifikiria.)

Nikaenda kuvalia kwa Mama Mutua, ng'ambo ya ua. Alinisuka matuta matatu huku machozi ya kicheko yanamtoka. Nikavaa suruali ya Hidaya ya mazoezi, ile ya kubana, ambayo Hidaya ni mwembamba na mimi si Hidaya. Kinyago cha macho nilikikata kwenye buibui kuukuu. Mgongoni leso ya manjano ya Mama, imeandikwa kwa herufi kubwa HARAKA HARAKA HAINA BARAKA, na laiti ningekuwa na macho kisogoni ningeisoma. Baba Mutua, ambaye sasa ni mzee wa mvi na bado anachonga kinyago chake mlangoni, aliinua macho, akanitazama toka juu mpaka chini, akarudi kwa patasi yake.

Nikatoka.

Ua mzima uligeuka kunitazama. Halafu watoto wakapiga kelele moja ambayo nadhani ilisikika Shauri Moyo. Rehema peke yake hakupiga kelele. Alitembea polepole hadi mbele yangu, akanishika mkono, akasema, "Umekuja," na niwaambie, kama mambo yangeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Nairobi.

Lakini Nyambura alikuwepo.

"Hizo ndala ni za anti ya Rehema."

"Ameniazima," nikasema, kwa sauti nzito kidogo.

"Dada Radi huruka."

"Nimetoka mbali, nimechoka."

"Haya, basi tutolee mpira." Akaonyesha juu. Mpira wa watoto ulikuwa umekwama juu ya paa letu tangu juma lililopita, na kila mtu alikuwa anangoja mwenye ngazi akumbuke kuuondoa. Watoto wote wakainua vichwa kutazama mpira, kisha wakavishusha kunitazama mimi. Na mkono wa Rehema ukaukaza mkono wangu.

Mtu mwenye akili timamu angesema "twende tukamwombe Baba Mutua ngazi yake." Ngazi ilikuwa pale pale, imeegemea ukuta. Mimi nikapanda pipa la maji, kutoka pipani nikapanda ukuta wa bafu, kutoka bafuni nikajivuta (sitaelezea nilivyojivuta) hadi juu ya mabati, na suruali ya Hidaya ikalia mahali fulani, "prrr," nikajifanya sijasikia.

Lakini huko juu, jamani. Miaka yote hiyo nimeishi chini ya lile paa na sikuwahi kulikanyaga. Niliuona ua wetu wote, kamba za nguo, nguzo, mlango wa Baba Mutua na chembe za mbao zimetapakaa, na mbele paa za kutu zimeshikana hadi Gikomba, na mnara wa msikiti. Upepo ukaiinua leso. Nikasimama, mikono kiunoni, na watoto chini wanaimba jina ambalo si langu, na nikahisi kitu ambacho nilikingoja tangu nikiwa na miaka minane. Nikauchukua mpira, nikautupa chini, wakashangilia. Hapo ilikuwa nishuke. Nikaamua kuwaonyesha mbio kidogo.

Mabati yale yaliwekwa kabla sijazaliwa. Hatua ya kwanza yalilia. Ya pili yakanyamaza, na mguu wangu wa kulia ukaingia ndani, wote, mpaka juu kabisa ya paja, nikabaki nimeketi juu ya paa kama mtu aliyepanda farasi mwenye upande mmoja.

Yaliyotokea ndani nilihadithiwa. Bi Fatuma alikuwa katikati ya hadithi ya jinsi kwao walivyoibiwa, mwizi alivyoingilia paani, na wenzake wamemtolea macho, na ndipo dari ikafanya "kraa," ikanyesha kutu na makaratasi ya zamani, na ukashuka mguu. Ulikaa kidogo hewani. Kisha ndala ikauponyoka ikaangukia sinia ya pilau.

"Mwizi!" Bi Fatuma akapaza sauti. "Shikeni mguu huo!" Na hakungoja wengine, aliudaka mwenyewe kwa mikono miwili akavuta chini, na akina mama wa maulidi wakaanza kunichapa unyayo, mmoja kwa kipepeo cha makuti, mwingine kwa ndala ile ile ya pilau.

Mimi juu nalia, "Mama! Ni mimi!" lakini sauti inaenda mbinguni, haiendi ndani. Na lile neno lilikuwa limeshatoka nje. Mnajua neno hilo mitaani kwetu linavyoenda. Vijana wa bodaboda wa pale kona waliingia uani mbio, na nikaona kwa macho yangu mmoja ameshika jiwe, mwingine anatafuta la kwake, wananitazama, mtu aliyejifunika uso, juu ya paa la watu, mchana kweupe. Nikajaribu kuvua kinyago, kikanasa kwenye tuta. Hapo mchezo uliniishia. Nilipiga shahada kimoyomoyo.

Aliyeniokoa ni Rehema. Alikuwa ameshakimbilia ndani, katikati ya magoti ya akina mama. "Msivute! Msivute! Ni Dada Radi!"

"Radi gani, na mvua hakuna?" akauliza Bi Fatuma, hajaachia.

Mama ndipo akainua macho. Akautazama mguu, hina ya Idi bado iko kwenye vidole, kovu la msumari liko kwenye kisigino. "Uacheni," akasema. "Huo mguu nimeuzaa mimi."

Akatoka nje na mtandio wake begani, akasimama mbele ya vijana. "Huyo ni mwanangu Zaituni. Wekeni mawe chini."

"Pole, Mama. Tulidhani ni mwizi." Wakayaweka mawe chini. Wakatoa simu.

Baba Mutua alikuja na ngazi na koleo, akapanda polepole mpaka uso wake ukafika sawa na wangu. Hakucheka. "Usijitingishe," akasema. "Bati la kutu ni wembe. Wacha nilikunje." Akaanza kulikunja, lakini mikono yake ni ya mzee, na mimi, sijui ni kichwa gani hiki Mungu alinipa, bado nilikuwa namwambia niko sawa, usijisumbue mzee, nitatoka mwenyewe. Kila nikijaribu nazama zaidi.

"Mamkubwa!"

Nikatazama chini. Rehema alikuwa amesimama katikati ya ua. Amesema Mamkubwa. Si Dada Radi. Nikafahamu kwamba alijua, na pengine alijua tangu nilipotoka kwa Mama Mutua.

"Mamkubwa, hujaita! Dada Radi akikwama huita!"

Na ni kweli. Nilitazama katuni ile mara ngapi nyuma ya mafaili na sikuliona hilo, kwamba kila mara katikati ya kisa yule msichana anakwama, kwenye tope, kwenye mti, kila mara, na hatoki kwa nguvu zake. Anasimama anasema amekwama, wenzake wanakuja. Mtoto wa miaka minne alikuwa ameliona siku ya kwanza.

"Sema!" akanihimiza.

Simu zote ziko juu, Bi Fatuma yuko mlangoni, mkono kwenye shavu.

"Nimekwama," nikasema. "Siwezi peke yangu. Nisaidieni."

"Tuko hapa!" watoto wakaitikia wote kwa pamoja, na nadhani ilikuwa sauti hiyo, kwa sababu yule kijana wa jiwe alimkabidhi mwenzake simu akapanda, na mwingine nyuma yake, wakanishika kwapani, Baba Mutua akalishikilia bati, na Bi Fatuma (Mungu amzidishie) akarudi ndani, akapanda juu ya meza akausukuma mguu kwenda juu kwa mikono ile ile iliyokuwa ikiuvuta. Nikatoka. Nusu ya suruali ya Hidaya ilibaki ndani.

Nilioga, nikavaa dera, nikaenda kuwaomba radhi wageni mmoja mmoja. Bi Fatuma aliniombea dua ndefu, na katikati ya dua akaanza kutikisika mabega, kisha wakalipuka wote. Mama hakucheka. Alingoja wageni waondoke, akaanza kuosha sinia, halafu nikamsikia yuko peke yake jikoni anasema "nimeuzaa mimi" na anashindwa kupumua kwa kicheko.

Hidaya aliiona ile video kabla jua halijatua. Akapiga simu, uso umejaa kioo kizima.

"Dada, suruali yangu!"

"Nitakulipa."

"Ulikuwa unafanya nini huko juu?"

Nikamweleza, toka habari ya zimwi hadi mpira. Kicheko kikamkauka. Akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio, kisha akasema, "Mpe Rehema simu," na sikukaa kuwasikiliza.

Jumatatu kazini nilitembea kama mtu asiye na mguu wa kulia, kwa maumivu na kwa aibu. Nikasimama mlangoni, nikasafisha koo, nikaita jina la kwanza, na kutoka mwisho wa benchi sauti ya mtu mzima ikasema polepole, "Dada Radi, tuko taabani." Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Hakimu, ambaye sijawahi kumwona hata akitabasamu, aliinua kichwa akauliza, "Radi imepiga wapi?" Nikasema, "Paani kwetu, mheshimiwa." Nini tena ningesema?

Sasa paa lina bati moja jipya linalong'aa katikati ya kutu, na Jumamosi watoto bado wanacheza uani, isipokuwa siku hizi wanagombania ni nani awe Dada Radi, na Nyambura ndiye anayegombana zaidi. Zimwi hawana. Walinifuata juzi, Rehema mbele, wakaniuliza na mimi nitakuwa nani. Katika katuni ile yuko kobe mmoja, mzee, hata sikuwatajia, kazi yake ni kuketi chini ya mti na kusema "nendeni, nawangojea hapa hapa."

Nikawaambia mimi ni huyo, leo na siku zote. Kobe hapandi paa.